Kwa Nini "Slum" Hutangulia "Ballet"

Mwaka 2018 mpiga picha wa Uswidi, Fredrik Lerneryd, alishinda kitengo cha masuala ya kisasa katika tuzo za picha za Sony kwa mfululizo aliouita "Slum Ballet", yaani baleti ya mtaa wa mabanda. Watoto wa Kibera, Nairobi, wanajifunza baleti darasani. Picha ni nzuri, sikatai. Ninachokihoji ni jina. Neno la kwanza linamwamuru mtazamaji astaajabu kabla hajatazama, na aliyestaajabu haulizi kama goti limekaa mahali pake.

Na baleti ni goti. Mafunzo huanzia kwenye ufito uliofungwa usawa wa kiuno. Mwanafunzi anauwekea mkono tu, haung'ang'anii. Anafanya plie: magoti yanakunjwa polepole yakielekea vidole vya miguu vinakoelekea, mgongo wima, kisha anapanda kwa mwendo uleule. Halafu tandu (si yule mdudu): mguu unateleza mbele, wayo ukisugua sakafu hadi ibaki ncha ya vidole. Kulia, kushoto, tena. Hakuna kuruka. Hapo ndipo mapaja, tumbo na misuli ya nyonga inayogeuza mguu nje hupata nguvu, na anayeegemea ufito anaipokonya misuli hiyo kazi yake. Kipimo ni kimoja: inua mkono ghafla. Ukiyumba, ulikuwa umeegemea.

Mimi hushika nondo ya dirisha chumbani kwangu Kinyinya, na nadhani mwenye nyumba huamini naota jua. Hapa Kigali ukitaja "ballet" wengi wanafikiria Urukerereza, kundi la ngoma la taifa, na wana haki, maana kwa Kifaransa huitwa hivyo. Basi nilipoanza kusoma habari za Kibera, jambo lililonivuta ni kwamba darasa halikuwa na ufito wala vioo. Waandishi waliliona kama upungufu tu. Lakini ukuta hauna pa kukamata. Unaweza kuugusa, huwezi kuuvuta. Huenda mtoto wa ukutani hujifunza mapema kubeba uzito wake mwenyewe, ila bila kioo anahitaji jicho la mwalimu kwa kila kosa. Huo ni uhakiki wa kazi yao, sijauona ukiandikwa.

Joel Kioko naye alisimuliwa hivyohivyo: Kuwinda, kisha London, alikokwenda mwaka 2017 kusoma English National Ballet School. Katikati kulikuwa na mafunzo ya Dance Centre Kenya, saa nyingi za plie, lakini sehemu hiyo hupewa sentensi moja. Mdogo wake wa mtaani akisoma habari hiyo atajua nini cha kufanya kesho asubuhi? Ataambiwa ana ndoto. Hataambiwa kisigino chake kimenyanyuka.

Ningetamani mfululizo mwingine kutoka chumba kilekile: mtoto mmoja, zoezi moja, picha kumi na sita, nane kulia na nane kushoto, mkono ukionekana ulivyoshika. Uitwe "Ballet" tu.