Ufundi wa Kuondoka

Chuo kikifunga masomo ya darasani, wanafunzi wa ustawi wa jamii hutawanyika mijini na barua mkononi. Jijini Nairobi wengi huishia Eastlands: Kaloleni, Jericho, Kayole, Dandora, Mathare. Wanatafuta shirika la vijana litakalowapokea kwa atachimenti, yaani miezi mitatu hivi bila mshahara, na nauli ya matatu juu yao wenyewe. Kila mmoja ana daftari la kujazwa siku kwa siku na kutiwa sahihi na msimamizi. Vijana watawaita "ticha" ama "madam", na hawataacha hata wakielezwa kwamba hapa hakuna mwalimu.

Watu huwasifu wanafunzi hawa kwa moyo wao wa kujitolea. Mimi nasifu kitu kingine, ambacho hakiingii kwenye picha za shirika na ambacho wanaokimudu ni wachache: kujua kuondoka.

Mfikirie kijana wa miaka kumi na minne anayekuja uwanjani kila Jumamosi. Pengine baba alikwenda zamani. Mafunzo ya kompyuta pale ukumbini yalikoma wafadhili walipogeukia mambo mengine. Kocha aliyempenda alipata kazi ya ulinzi Qatar. Sasa amekuja madam mchangamfu, anayekumbuka majina ya ndugu zake wote, anayemuuliza habari ya mtihani wa hisabati na kusubiri jibu. Mwisho wa Agosti naye haonekani. Wema wa namna hiyo ukikatika ghafla humwongezea mtoto hasara, na nathubutu kusema ingekuwa afadhali angeachiwa mpira wake tu.

Ndiyo maana mwanafunzi aliyeiva hutaja tarehe siku ya kwanza. "Niko hapa hadi Ijumaa ya mwisho ya Agosti, halafu narudi chuoni." Huirudia katikati ya kipindi kwa sauti ile ile ya kutangaza ratiba ya mechi. Halipi karo ya mtu kutoka mfukoni, hata roho ikimuuma, wala haahidi kupiga simu asipokuwa na hakika kwamba atapiga. Kijana akitaka kumnong'oneza jambo, hakimbilii kusema "sitamwambia mtu", maana mtoto anayeumizwa nyumbani lazima habari zake zifike kwa afisa wa watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 imetanguliza maslahi ya mtoto, na mpaka huo huelezwa kabla ya siri kutoka mdomoni.

Ufundi wenyewe huonekana zaidi katika kutembelea nyumba. Mwanafunzi haendi peke yake. Huandamana na mlezi wa mtaani, mtu ambaye mama wa nyumba anamjua miaka na miaka. Hupanda naye ngazi za ghorofa, orofa tano au sita, hupiga hodi na kungoja nje ya pazia. Akikaribishwa huketi alipoonyeshwa, hata ikiwa ni kitandani kwa kuwa chumba ni kimoja. Hunywa chai aliyopewa, wala macho yake hayahesabu vyombo. Daftari hubaki mkobani. Mama, kwa heshima ya mgeni, huanza kumwelekezea madam majibu yote. Hapo ndipo penye kazi. Mwanafunzi hodari hugeuka taratibu kumtazama mlezi, mara moja, mara mbili, hadi mazungumzo yanarudi kwa mtu atakayekuwapo Desemba. Tendo hilo huchukua sekunde chache, na sijawahi kuliona limeandikwa katika daftari lolote.

Waasisi wa kazi hii duniani hawakuusumbukia sana ufundi huu, kwa sababu wao walihamia kabisa. Jane Addams aliingia Hull House, kituo cha huduma za jamii huko Chicago, mwaka 1889, na makao yake yakawa pale hadi alipofariki mwaka 1935. Hapa kwetu padri Mholanzi Arnold Grol aliwafuata usiku, katika mitaa ya jiji, wale wavulana waliokuwa wakiwaelekeza wenye magari mahali pa kuegesha ili wapate senti. Mwaka 1973 akaanzisha shirika la Undugu Society kwa ajili yao. Mwanafunzi wa leo hana usiku wa kutosha kwa kazi ya namna hiyo. Ana mtihani unaomngoja.

Lakini Eastlands yenyewe ilikwisha kuonyesha jibu. Mathare Youth Sports Association ilianza mwaka 1987, Bob Munro wa Kanada akiwa mwanzilishi, na tangu mwanzo soka ikafungwa pamoja na usafi: timu hujipatia pointi za ligi kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro. Waliokuwa wakizoa taka wakawa makocha, waamuzi na viongozi wa wadogo zao. Katika utaratibu kama huo mtaa una watu wake tayari. Mgeni wa miezi mitatu akijifanya mhimili, anawasukuma kando wenye kazi.

Hilo hufundishwa katika kile kikao cha kila wiki cha mwanafunzi na msimamizi wake, kwenye viti vya plastiki, nje kuna kelele za mazoezi. Msimamizi mara nyingi ni kijana wa zamani wa shirika, pengine hana shahada ambayo huyu anakaribia kuipata. (Vyuo vyetu havijaona aibu ya kutosha kwa jambo hilo.) Huuliza, "Ulifanya nini?" Akishajibiwa, huuliza tena, "Na nani wa hapa angeweza kulifanya?" Swali la pili huuma, hasa mwanafunzi akiwa amejisikia shujaa wiki nzima.

Mhadhiri huja kukagua mara moja, kwa kawaida katikati ya kipindi, wakati kila mtu bado ana furaha. Ningekuwa mimi, ningekuja Jumamosi ya kwanza baada ya mwanafunzi kuondoka, nimtafute kijana mmoja pembeni mwa uwanja na kumuuliza wiki hii akikwama atamwendea nani. Akitaja jina la mtu wa mtaa huo bila kufikiri, ningempa mwanafunzi alama zote.