Sifa za Wahesabu Magamba

Katika msitu ulio juu ya Chuka, kwenye miteremko ya Mlima Kenya kati ya Embu na Meru, yuko nyoka wa jamii ya kifutu anayeishi mitini. Mwili wake ni mweusi, na magamba yake yana ncha za manjano, safu kwa safu, kama shanga zilizotungwa na mtu asiye na haraka. Mwaka 1968 James Ashe alimtangaza kuwa spishi mpya, akamwita *Atheris desaixi* kwa heshima ya Frank DeSaix.

Utambuzi wa namna hiyo hutegemea ufundi wa kusoma magamba. Mtaalamu huhesabu safu za katikati ya mwili, kisha mabamba ya tumboni toka shingoni hadi kwenye tundu la haja, kisha ya mkiani. Hupapasa ajue kama gamba ni laini au lina mwinuko mwembamba katikati, kama alio nao nyoka huyu. Rangi haitoshi: hubadilika kwa umri, na ndani ya spiriti ya kuhifadhia hufifia. Idadi ya magamba nyoka huzaliwa nayo na kufa nayo, hata ajivue mara ngapi. Tena kila bamba la tumboni kwa kawaida hulingana na pingili moja ya uti wa mgongo. Ayahesabuye husoma mifupa asiyoiona.

Ndege nao husomeka kwa magamba ya miguuni. Tazama mguu wa kuku katika boma lolote la Embu: mabamba mapana mbele ya muundi, magamba madogo chini ya vidole. Mbuni wa Kisomali katika Mbuga ya Meru hubeba urithi uo huo.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ufundi huu wa kusoma magamba hututoa kwenye hofu hiyo, kwa kuwa hudai tutazame kabla ya kushika panga. Mwaka 2016, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya viumbe walio hatarini, jijini Johannesburg uliiweka biashara ya nyoka wa Chuka chini ya udhibiti. Ulinzi huo usingewezekana bila jina, wala jina bila hesabu.

Ndiyo maana natamani watoto wa Chuka na Runyenjes wafundishwe kuhesabu kwenye gamba lililovuliwa, lisilouma lakini lililohifadhi kila safu. Mtetezi wa kwanza wa kiumbe ni yule awezaye kumtofautisha na mwenzake.