Kirimu Mezani

Kabla hajaandika namba hata moja, fundi anasoma. Mbele yake kuna utendi wa Mwindo, wa Wanyanga wa Walikale, kama alivyousimulia Candi Rureke mwaka 1956. Kwa siku 12 mzee huyo aliimba, alisimulia na kucheza, huku Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wakiandika kwa mkono. Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969.

Fundi ni kijana wa Goma. Anataka kumtoa humo Kirimu, joka la msituni lenye vichwa saba, pembe saba na macho saba, amlete kwenye mchezo wa kuigiza wa mezani, wa dadu na penseli, kama Dungeons & Dragons ya mwaka 1974. Wengine huleta viumbe vya sayari za mbali kutoka michezo ya video. Kazi ni ile ile, na pupa yake ni ile ile: mtu huanza na meno.

Yeye anaanza na matendo. Kirimu anameza. Wawindaji watatu wa Mwindo, shujaa wa utendi, walimezwa, wa nne akakimbia kupeleka habari. Na joka lilipopasuliwa, wale watatu wakatoka hai. Basi anaandika kwa herufi ndogo: aliyemezwa hajafa. Mchezaji aliyemo tumboni anabaki na zamu yake. Anaweza kuita, kupapasa gizani, kusikiliza wenzake wanapigana upande gani.

Ndipo anageukia hesabu. Dadu ina pande 20. Kichwa kikiuma, kinapata kwa 11 na kuendelea, yaani nusu ya mara. Jeraha linapimwa kwa dadu ya pande sita, wastani pointi 3.5. Vichwa saba vikiuma pamoja, kila mzunguko unakula pointi 12 na robo, na mchezaji mchanga ana pointi 12 tu za uhai. Anaweka penseli chini, anatazama namba hizo kwa muda mrefu. Wengi wangepunguza vichwa. Yeye anaviacha vyote, lakini viwili tu vinauma; vingine vinatazama, kila kimoja na jicho lake, kwa hiyo Kirimu hanyemelewi kutoka upande wowote. Mzunguko sasa unagharimu pointi 3.5, na joka limezidi kutisha. Huo ndio ufundi ninaouheshimu.

Anamjaribu peke yake, akirusha dadu kwa niaba ya wachezaji wanne, akifuta na kuandika upya hadi karatasi inachanika kwenye mstari wa ugumu wa ngozi. Anahamia karatasi nyingine bila kulalamika.

Nyuma ya karatasi hiyo anaandika jina la Nkuba, Radi. Katika utendi, Kirimu alikuwa rafiki yake wa damu, na Radi, aliyepata harufu ya joka lililouawa kwenye upepo, alimchukua Mwindo juu angani, ambako Mwindo aliadhibiwa mwaka mzima. Kwa hiyo joka likiuawa, mchezo hauishi. Aliyelipiga pigo la mwisho anapewa karatasi mpya: angani, baridini, mbele ya Mwezi, Jua na Mvua. Wenzake chini wanaendelea bila yeye. Kilichobaki ni kuamua upepo utachukua mizunguko mingapi kufika kwa Nkuba. Leo ameandika mitatu, kwa penseli.