Siku 11 Bondeni, Siku 28 Mlimani: Hesabu ya Mate ya Mbu

Malaria haipandi mlima kwa urahisi. Kutoka tambarare za Korogwe, zilizo kama mita 300 juu ya usawa wa bahari, hadi Dindira kwenye mashamba ya chai ya milima ya Usambara, gari hupanda kona baada ya kona, na kila kona hatari ya kuambukizwa inapungua. Ukiuliza sababu utaambiwa baridi inaua mbu. Jibu hilo lina ukweli, maana mbu kweli hupungua kadiri unavyopanda. Ila halielezi kwa nini mbu aliyebaki mlimani anaweza kukunyonya damu usiku kucha asikuachie ugonjwa. Kwa hilo inabidi tuingie kwenye tezi zake za mate.

Binadamu ana jozi tatu kubwa za tezi za mate: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Hutoa takriban lita moja kwa siku, na kimeng'enya kilichomo huanza kuvunja wanga wa ugali kabla tonge halijamezwa. Mbu naye ana kazi ya namna hiyo, kwa kuwa chakula chake cha kila siku ni utomvu mtamu wa maua. Tezi zake ni mbili, zimelala kifuani nyuma tu ya kichwa, na kila moja ina ndewe tatu. Sehemu za juu za ndewe za pembeni hushughulikia sukari. Zilizobaki, kwa jike, ni ghala la silaha. Dume hanyonyi damu, na tezi zake ni ndogo.

Silaha hizo zinahitajika kwa sababu damu haikubali kuibwa. Mshipa ukitobolewa, chembe sahani hukimbilia tundu na kushikana, damu inaganda, mshipa unajikaza. Mate ya mbu yanapambana na yote hayo: kimeng'enya kimoja huharibu kemikali inayoziita chembe sahani, protini nyingine huzuia kuganda, na nyingine hunasa histamini. Mwasho na uvimbe unaofuata ni mwili wako ukiyakataa mate hayo. Mrija wa mate ni mbali na mrija wa damu; mmoja unashusha, mwingine unapandisha. Kwa hiyo damu iliyokwisha kumezwa hairudi kwako. Kinachoingia mwilini mwako ni mate, na kimelea asiyefika kwenye mate hana njia ya kukufikia.

Safari ya kimelea ni ndefu. Mbu akinyonya damu yenye vimelea, vimelea hao hupandana tumboni mwake, hupenya ukuta wa tumbo na kujenga vifuko kwa nje. Vifuko vikipasuka humwaga maelfu ya sporozoiti, vijidudu vyembamba vilivyopinda kidogo, ambavyo huelea mwilini mwa mbu hadi kwenye tezi za mate na kujipenyeza humo. Daktari Ronald Ross ndiye aliyewaona kwenye tezi hizo mara ya kwanza, Calcutta, Julai 1898, akitumia malaria ya ndege. Kati ya 1897 na 1898 mtafiti Robert Koch alikuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, na watu wa milima ya Usambara walimweleza kwamba wakishuka bondeni huumwa homa, na kwamba homa hiyo inatoka kwa mbu. Ross alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1902. Wazee wa Usambara hawakuandikwa hata majina.

Sasa, unajuaje kwamba mbu fulani amefikia hatua ya kuambukiza? Njia ya zamani ni ya mikono. Mbu aliyenaswa usiku hung'olewa mabawa na miguu, huwekwa kwenye tone la maji ya chumvi juu ya kioo, kisha sindano moja inakishika kifua na nyingine inakivuta kichwa polepole. Ukivuta vizuri, tezi hutoka zikining'inia kichwani. Ukivuta kwa pupa zinakatika na unaanza kuzisaka kifuani. Zinafunikwa kwa kioo kidogo, zinapasuliwa kwa kubonyezwa, na hadubini inaonyesha kama sporozoiti wamo. Kuanzia miaka ya 1980 maabara nyingi zikahamia kipimo cha kusaga kichwa na kifua na kutafuta protini ya ngozi ya sporozoiti. Kipimo hicho ni cha haraka na kinapima mbu wengi, ingawa mara nyingine huitikia hata pale ambapo hadubini isingeona kitu.

Sehemu ya mbu waliokutwa na sporozoiti huzidishwa kwa idadi ya mbu wanaomuuma mtu. Tuchukue mfano: ukiumwa mara 10 kila usiku, na mbu 2 kati ya 100 wana sporozoiti, kwa mwaka utakuwa umeumwa na mbu wenye kuambukiza mara 73. Mtafiti René Bødker na wenzake, akiwemo William Kisinza, walifanya hesabu ya namna hii kwenye mteremko wa Usambara, kuanzia mita 300 hadi 1,700, na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Tofauti kati ya bondeni na uwanda wa juu ilizidi mara 1,000.

Sehemu kubwa ya pengo hilo ni uchache wa mbu. Sehemu nyingine ni muda. Kanuni inayotumika kwa kimelea wa malaria aina ya falsiparamu ni kwamba anahitaji jumla ya nyuzi 111 za joto, zikijumlishwa siku kwa siku zile zinazozidi 16, kabla hajafika kwenye mate. Penye nyuzi 26 hizo ni siku 11. Penye nyuzi 20 ni siku 28. Penye 18 ni siku 55, na chini ya 16 hasogei. Mbu wenyewe hawana muda huo. Tukikadiria kwamba 10 kati ya kila 100 hufa kila siku, watakaofika siku ya 11 ni 31, watakaofika siku ya 28 ni 5, na siku ya 55 huenda asibaki hata mmoja. Mbu wengi wa mlimani wanaopata kimelea hufa akiwa bado tumboni mwao, mate yao yangali safi.

Hapa ndipo utafiti wa Bødker ulipotoa jambo ambalo wakazi wa milimani hawalitegemei. Bondeni maambukizi hufikia kilele baada ya mvua za masika, mbu wakiwa wengi. Huko juu, mvua za msimu wa baridi huleta mbu lakini baridi humzuia kimelea kukua. Maambukizi ya uwanda wa juu hutokea msimu wa joto na ukavu, wakati mbu wenyewe ni wachache na watu wameshawasahau.

Chanjo nazo zimejengwa kwenye hatua hii hii ya sporozoiti. Chanjo ya RTS,S huufundisha mwili kuitambua protini ya ngozi ya sporozoiti, ili akamatwe kabla hajajificha kwenye ini. Korogwe na Kilifi zilishiriki jaribio la watoto 894 wa miezi 5 hadi 17, ambalo matokeo yake ya mwaka 2008 yalionyesha kinga ya asilimia 53, na tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara ilijaribu njia nyingine: sporozoiti wazima, waliotolewa kwenye tezi za mate za mbu waliofugwa Marekani. Ni kazi ya sindano na subira kama ile ya kwenye kioo, safari hii kwa mbu maelfu.

Turudi kwenye nyuzi. Joto likipanda kutoka 20 hadi 21, siku 28 zinakuwa 22, na mbu wanaofika huko, kwa kadirio letu lile lile, wanapanda kutoka 5 hadi karibu 10 kati ya 100. Nyuzi moja imekaribia kuwazidisha mara mbili. Kwa hiyo wewe unayeishi mlimani, Dindira au Bungu, usikunje chandarua msimu wa joto kwa kuwa hujasikia mbu. Mmoja aliyeishi muda wa kutosha anatosha, na mtoto akipata homa kiangazi mpeleke akapimwe malaria siku hiyo hiyo.