Mhariri wa Mistari Myekundu

Leo sihakiki riwaya wala diwani. Namhakiki mhariri ambaye karibu sote tunamtumia bila kumlipa: kikagua tahajia cha kompyuta.

Udhaifu wake wa kwanza unajulikana. Ukiandika Kiswahili huku programu imewekwa Kiingereza, ukurasa mzima unajaa mistari myekundu. Hiyo ni kero tu. Kibaya ni anachokiacha na anachokibadili kimyakimya. "Pole", "pale" na "mate" hayagusi, kwa kuwa Kiingereza nacho kina maneno ya herufi hizohizo. Ukiandika "kalamu i wapi?", hiyo "i" anaigeuza herufi kubwa, akidhani unasema "mimi" kwa Kiingereza!

Dawa yake ni rahisi. Chagua maandishi yote, nenda sehemu ya lugha, weka Kiswahili. Kama kamusi haimo, ipakue kwanza. Lakini usidhani menyu za Kiswahili zinatosha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice yenye menyu za Kiswahili. Kazi ya kujivunia kabisa. Ila kutafsiri menyu ni kazi moja, na kuifundisha mashine vitenzi vyetu ni kazi nyingine.

Chukua "hawajatuandikia". Neno moja, ndani yake mna ukanusho, watenda, wakati na watendewa. Nani ataorodhesha maumbo yote hayo? Ndiyo maana Hunspell, injini inayotumiwa na LibreOffice, hutunza mashina pamoja na kanuni za viambishi. Ilibuniwa kwanza kwa ajili ya Kihungari, lugha nyingine inayobandika viambishi. Kanuni zikipungua, neno safi linapigwa mstari.

Hata zikikamilika, yeye anajua kama neno lipo, hajui kama linafaa. "Amekwenda kupiga kula" itapita, maana "kula" ni neno. "Mahari" iliyoandikwa pahala pa "mahali" itapita vilevile.

Sasa hapa ndipo ninapogombana naye. Nimesoma miswada ya vijana wenzangu ambamo konda wa daladala anaongea kama msomaji wa taarifa ya habari. "Mshkaji" limepigwa mstari, mwandishi kaingiwa na woga, kaweka "rafiki yangu mpendwa". Mhusika kafa palepale. Jamani, hiyo mashine haijawahi kupanda daladala!

Ushauri wangu: rasimu ya kwanza mzime kabisa. Ya mwisho mwashe, akuokotee herufi zilizodondoka. Majina ya watu na maneno ya mtaani yaongeze kwenye kamusi yako mwenyewe, asikusumbue tena. Halafu mpe mswada rafiki mwenye jicho kali. "Kupiga kula" ataicheka yeye, kompyuta haitacheka.