Fumbo na Mipaka ya Utafiti wa Muziki wa Kiswahili: Uhakiki wa Mikabala Minne

Ikisiri

Utafiti wa kitaaluma kuhusu muziki wa Kiswahili umegawanyika katika nyanja ambazo aghalabu hazisomani. Wapo wanaochunguza utendaji, wapo wanaochunguza teknolojia ya kurekodi na kusambaza nyimbo, wapo wanaochunguza nafasi ya muziki katika afya, na wapo wanaouangalia muziki kama nyenzo ya matangazo ya biashara. Makala hii inahakiki mikabala hiyo minne kwa kuuliza swali moja: kila mkabala unalichukuliaje fumbo? Hoja kuu ni kwamba kazi ya fumbo katika wimbo wa Kiswahili si kuficha maana bali ni kumsitiri msemaji, na kwamba sitara hiyo hubadilika kila wimbo unapohama kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine. Utafiti unaobaki ndani ya uwanja mmoja hauwezi kuyaona mabadiliko hayo.

1.0 Utangulizi

Neno ngoma linatosha kuonesha ugumu wa mada hii. Ngoma ni chombo kinachopigwa. Ni uchezaji unaoandamana na chombo hicho. Ni shughuli ya uganga ambamo mgonjwa hupungwa. Na katika Kiswahili cha mtaani cha Tanzania, ni wimbo mpya uliotoka studio. Katika mtaa huohuo, neno hilo limetumika pia kuutaja UKIMWI bila kuutaja. Msemaji wa Kiswahili hupita kutoka maana moja hadi nyingine bila kujikwaa. Taaluma, kwa upande wake, imezigawa maana hizo kwa idara: chombo kwa mwanamuziki, uganga kwa mwanaanthropolojia, maneno kwa mhakiki wa fasihi, soko kwa mtaalamu wa mawasiliano.

Janzen (1992), aliyefanya utafiti Kinshasa, Dar es Salaam, Mbabane na Manzini, na Cape Town, aliichukulia ngoma kuwa asasi ya uponyaji ambamo wimbo, mdundo na mateso ya mgonjwa haviwezi kutenganishwa. Kazi hiyo imesomwa zaidi katika taaluma za jamii na tiba kuliko katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Hata hivyo, upungufu huu hautokani na uhaba wa nadharia. Muhando na Balisidya (1976) waliiweka fasihi karibu na sanaa za maonyesho, na Mulokozi (1989) alisisitiza kuwa fasihi simulizi ni tukio lenye fanani, hadhira, mahali na wakati. Tatizo liko katika utekelezaji. Tasnifu nyingi hunukuu msimamo huu katika sura ya nadharia, kisha katika sura ya uchambuzi huuchukua wimbo kama shairi lililoandikwa: beti, tamathali, dhamira, ujumbe. Sauti hubaki nje ya mlango.

2.0 Utendaji: Fumbo na Anayelichukua

Utafiti wa taarabu ndio uliolifikia fumbo kwa karibu zaidi. Askew (2002), katika uchunguzi wake uliojikita zaidi Tanga, anaonesha kuwa kitendo cha kutunza si malipo tu. Msikilizaji husubiri mstari unaomfaa, huinuka na pesa mkononi, hupita mbele ya watu na kumpa mwimbaji. Kwa kitendo hicho, maneno yaliyotungwa na mtu mwingine huwa yake, na mlengwa, ambaye huenda ameketi ukumbini humohumo, huelewa. Mtunzi hakumtaja mtu. Mwimbaji hakumtaja mtu. Mwenye kutunza naye hakusema neno. Akiulizwa, atajibu kuwa aliupenda wimbo.

Hapa ndipo maelezo yaliyozoeleka kuhusu fumbo yanapopungukiwa. Kwa kawaida fumbo huelezwa kuwa ni usemi wenye maana iliyofichika, na kazi ya mhakiki huwa ni kuifichua. Katika ukumbi wa taarabu hakuna kilichofichika. Kila aliyehudhuria anajua nani anaambiwa nini. Kinachositiriwa ni dhamana ya msemaji. Fumbo humwezesha mtu kusema jambo zito hadharani akabaki na nafasi ya kulikana. Kwa mantiki hiyo, uchambuzi unaoishia kwenye kutaja maana ya fumbo umefanya kazi ambayo hadhira ilikwishaimaliza usiku uleule. Swali lililobaki, ambalo ni gumu zaidi, ni nani aliweza kulitumia fumbo hilo na kwa hatari gani.

Mkabala wa utendaji una mpaka wake pia. Kwa kuwa unategemea kuwepo ukumbini, huelekea kuichukulia rekodi kama kivuli cha tukio halisi. Historia ya taarabu yenyewe inaupinga mwelekeo huo.

3.0 Teknolojia: Santuri na Hadhira ya Mbali

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay na kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya santuri ya His Master's Voice. Safari hiyo imesimuliwa na Shaaban Robert katika Wasifu wa Siti Binti Saad, na imechambuliwa na Fair (2001) katika utafiti wake kuhusu burudani na siasa za Zanzibar. Fair anazisoma nyimbo hizo pamoja na kumbukumbu za wazee waliozisikia, na kubainisha kuwa wasikilizaji wa Ng'ambo walizielewa kama habari za mji wao. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, uliotokana na kuuawa kwa mwanamke mgeni na jinsi mahakama ilivyoishughulikia kesi, ulisikika kama hukumu ya pili iliyotolewa na wasiokuwa na kiti mahakamani.

Santuri ilifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Iliupeleka wimbo kwa watu wa pwani na bara wasiowajua wahusika, na kwao kisa cha mtaa kiligeuka kuwa mfano wa dhuluma kwa jumla. Wakati huohuo iliiweka sauti ya mwimbaji katika kitu kinachouzwa kikiwa na jina lake. Neno la ukumbini hupita na usiku. Neno la santuri hurudiwa na yeyote mwenye mashine. Nafasi ya kulikana ilipungua kadiri hadhira ilivyoongezeka.

Tafiti za teknolojia huueleza usambazaji kwa ufanisi mkubwa: kutoka santuri hadi redio, kanda, na sasa simu ya mkononi. Mara nyingi, hata hivyo, huuchukulia wimbo kuwa mzigo usiobadilika unaohamishwa na vyombo tofauti. Mfano wa Siti unadokeza kinyume chake. Chombo kinapobadilika, hadhira hubadilika. Hadhira ikibadilika, fumbo halibaki lilelile hata kama hakuna silabi iliyobadilishwa.

4.0 Afya: Ujumbe Wazi na Soksi

Mvutano mkubwa zaidi unajitokeza katika tafiti za muziki na afya. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata wimbo ulitumika sana kuelimisha umma. Tafiti nyingi za eneo hili huuliza iwapo ujumbe ulieleweka na iwapo ulibadilisha mienendo. Kwa mtazamo huo, fumbo ni kikwazo: kadiri maneno yanavyokuwa wazi, ndivyo wimbo unavyofaa.

Wimbo wa Remmy Ongala uitwao Mambo kwa Soksi unaitia mashaka dhana hiyo. Ongala, aliyezaliwa Kongo na kufanya kazi kubwa ya maisha yake jijini Dar es Salaam, aliihimiza jamii kutumia kondomu kwa kuiita soksi, kitu cha kawaida kinachovaliwa na kila mtu. Wimbo huo haukuruhusiwa kupigwa katika redio ya taifa, wakati ambapo redio binafsi zilikuwa bado hazijaanza Tanzania Bara. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba waliouzuia waliuelewa barabara. Kama fumbo lingeficha maana, pasingekuwa na sababu ya kuuzuia. Wakati huohuo, fumbo hilohilo liliwapa watu wazima neno la kutamka katika kumbi za dansi, vijiweni na hata nyumbani, mahali ambapo jina halisi la kifaa lingevunja heshima kati ya mzazi na mtoto au kati ya wakwe. Soksi haikuhitaji kufasiriwa, ilihitaji kutamkika.

Barz (2006), katika utafiti wake nchini Uganda, amepiga hatua muhimu kwa kuuona wimbo kuwa sehemu ya uponyaji wenyewe na si chombo cha kubebea taarifa tu. Anavisikiliza vikundi vya wanawake vinavyoimba juu ya maradhi yaliyomo miongoni mwao. Uhakiki wa Kiswahili ungeweza kuichukua hatua hiyo na kuongeza kile ambacho ni fani yake: uchambuzi wa maneno yanayowezesha aibu kusemwa. Bila mchango huo, tathmini ya kampeni za afya itaendelea kuhesabu waliousikia wimbo bila kujua ni nini waliweza kusema baada ya kuusikia.

5.0 Matangazo ya Biashara: Fumbo Lenye Mmiliki

Perullo (2011) anaeleza jinsi uchumi wa muziki wa Dar es Salaam ulivyojengwa juu ya redio, ufadhili na juhudi za wasanii kutafuta riziki katika soko lisilowalinda ipasavyo. Katika mazingira hayo, tangazo si jambo la pembeni. Kwa msanii wa Bongo Fleva, malipo ya kampuni ya simu au ya vinywaji huweza kuwa na uzito kuliko mauzo ya nyimbo.

Tangazo linabadilisha uhusiano ambao ukumbi wa taarabu ulikuwa umeujenga. Ukumbini, fumbo ni la yeyote atakayeinuka kulitunza. Katika tangazo, anayetunza amekwishajulikana kabla wimbo haujaanza, na anataka atajwe. Methali, kejeli na misemo ya mtaani hutumika kwa ustadi uleule, lakini kielekezi chake ni kimoja: bidhaa. Haifuati kwamba matangazo hayana sanaa. Yanastahili kuchambuliwa kwa makini zaidi, kwa sababu yanaonesha nini hutokea kwa fumbo linapopoteza uwezo wa kuchukuliwa na mtu asiyetarajiwa. Hata hivyo, hadhira haiko mikononi mwa kampuni daima. Msemo wa tangazo huokotwa mtaani na kugeuzwa kijembe dhidi ya jirani au kiongozi. Uokotaji huo ni data ya fasihi simulizi, na haujapewa nafasi inayostahili.

6.0 Hitimisho

Inaweza kudaiwa kuwa kila utafiti lazima uwe na mipaka, na kwamba hakuna mtafiti mmoja anayeweza kuwa mjuzi wa tiba, mitambo, jukwaa na soko kwa pamoja. Hoja hiyo ina ukweli. Kinachopendekezwa hapa si kila tasnifu kubeba nyanja zote nne, bali nyanja hizo kushiriki maswali machache ya msingi: wimbo huu ulisikika kupitia chombo gani, nani aliulipia, nani aliweza kuuchukua kama kauli yake, na nani angeweza kukana. Maswali hayo yanaweza kujibiwa katika kurasa chache, mradi yaulizwe mtafiti akiwa uwandani na si baada ya kurejea maktabani.

Lipo pia suala la ushahidi. Kiambatisho chenye maneno ya nyimbo pekee, bila sauti na bila maelezo ya mahali na wasikilizaji, kinampa mtafiti wa baadaye mistari ya taarabu bila ukumbi na soksi bila aibu iliyoifanya ihitajike. Wazee waliozisikia santuri za Siti zilipokuwa mpya, ambao Fair aliwahi kuwahoji, hawawezi kuhojiwa tena. Waliocheza Mambo kwa Soksi ulipotoka wangali wengi, na wanaweza kueleza waliutamka mbele ya nani na mbele ya nani walinyamaza. Taaluma ikisubiri, itabaki na maneno ambayo maana yake inajulikana na matumizi yake yamesahauliwa.