Modeli Iliyogawanywa Hupimwa Mipakani

Mto Ruzizi hutoka Ziwa Kivu na kumwaga maji yake Tanganyika, na vitu vikubwa vinavyojengwa juu yake vina wenyewe wengi. Ruzizi I, mtambo wa enzi za Wabelgiji, unaendeshwa na SNEL, shirika la umeme la Kongo. Ruzizi II, ulioanza kutoa umeme mwaka 1989, uko chini ya SINELAC, kampuni ya Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Ruzizi III ni mradi wa nchi hizo hizo tatu. Kwa miaka mingi nyaraka zake zilitaja megawati 147, siku hizi zinataja 206. Namba ya aina hiyo ikibadilika, hubadilika nayo mashine, njia za maji zinazozilisha, msingi unaozibeba na nyaya zinazotoka humo, na kila kimoja kinaweza kuwa mezani kwa watu wengine, katika mji mwingine. Hapo ndipo modeli ya taarifa za jengo, inayojulikana kwa kifupi chake cha BIM, inapogeuka kutoka suala la programu na kuwa suala la mpangilio: nani anachora nini, katika faili ipi, na wengine wanajuaje kwamba amebadilisha.

Wengi wanaoonyeshwa modeli hutazama pasipostahili. Huizungusha kwenye kioo cha kompyuta, wakasifu kuta zinazong'aa na vivuli vya miti, wakaridhika. Hoja yangu ni kwamba ubora wa modeli iliyogawanywa katika faili nyingi hujulikana pale faili zinapokutana, na kwamba mgawanyo mzuri hufuata dhamana ya watu: kila kitu kiwe na mwenyewe mmoja anayejulikana. Tuchukue kituo cha afya cha kubuni tu, kinachosanifiwa kwa ajili ya Mutarule, kwenye uwanda wa Ruzizi kaskazini mwa Uvira. Msanifu yuko Bukavu, mhandisi wa miundo yuko Bujumbura, mtaalamu wa mabomba na umeme wa jua yuko Uvira mjini. Zinapatikana faili tatu, na ya nne isiyochora chochote ila kuzikusanya hizo tatu kwa viungo. Kipimo cha kwanza ni kuondoa kiungo kimoja na kutazama kilichobaki. Ukiondoa faili ya mhandisi, nguzo zote zinapaswa kutoweka. Zikibaki, ujue msanifu naye amezichora, na jengo sasa lina nguzo mara mbili. Kwenye kioo huzioni, maana zimelaliana sawasawa. Kwenye hesabu ya vifaa utazikuta: nguzo 40 za sentimita 25 kwa 25, zenye urefu wa mita 3, ni mita za ujazo 7.5 za zege. Zikihesabiwa mara mbili zinakuwa 15. Kwa kilo 350 za saruji katika kila mita ya ujazo, hiyo ni zaidi ya mifuko 52 ya kilo 50 ambayo hakuna anayeihitaji, na kila mfuko utalipiwa nauli ya lori kwenye barabara ya taifa namba 5.

Hasara ya saruji ni ndogo ukilinganisha na ile inayofuata. Mhandisi akisogeza nguzo moja sentimita 20 ili mlango upite, nguzo ya msanifu inabaki ilipokuwa, na fundi anapewa michoro miwili isiyokubaliana. Ndiyo maana mjuzi haulizi modeli ina vitu vingapi. Anauliza kila kitu ni cha nani. Kuna vitu vichache ambavyo kila timu lazima iwe navyo ndani ya faili yake, hasa mistari inayopangia nguzo na vimo vya sakafu. Hata hivyo, vina mwenyewe mmoja. Wengine wanavifuata, na programu nzuri huwaonya mwenyewe anapovisogeza. Mwulize yeyote kati ya wale watatu kimo cha sakafu kinaamuliwa na nani. Akisita, umekwisha pata jibu.

Sehemu inayopendeza kuliko zote kuchunguza ni tundu. Bomba la maji machafu la milimita 110 linatoka chooni na linapaswa kupenya lenta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta. Bomba ni la mtaalamu wa Uvira, lenta ni ya mhandisi wa Bujumbura. Tundu ni la nani? Katika kazi mbovu, mtu wa mabomba anapitisha bomba kwenye zege bila neno, na tundu linakuja kuchimbwa kwa patasi na nyundo lenta ikiwa imeshakauka, nondo zikikatwa. Kuna kazi nyingine inayoonekana nzuri na kumbe ni hatari: anafungua faili ya mhandisi na kulitoboa mwenyewe, na mwenye kubeba dhamana ya lenta hajui. Katika kazi bora, mtu wa mabomba anaweka ndani ya faili yake boksi la kuomba nafasi, lenye kipimo, kimo na namba. Mhandisi analiona kupitia kiungo, anakadiria nguvu za lenta, kisha anatoboa katika faili yake au anakataa na kutaja pengine pa kupita. Ombi na jibu vyote vinabaki na tarehe. Ukitaka kupima timu kwa muda mfupi, waombe wakuonyeshe tundu moja na historia yake.

Mpaka mwingine ni wa mahali na kimo, nao ndio unaoadhibu vikali zaidi. Laufenburg, mji ulio pande zote mbili za mto Rhine, ulijengewa daraja jipya kati ya Ujerumani na Uswisi. Wajerumani hupima vimo kutoka Bahari ya Kaskazini, Waswisi kutoka Mediterania, na tofauti yake hapo ni sentimita 27. Wahandisi waliijua tofauti hiyo na wakaihesabu, ila alama ikageuzwa, ya kujumlisha ikawa ya kutoa. Kosa lilipogunduliwa mwaka 2003, pande mbili zilikuwa zinapishana kwa sentimita 54. Watu wa Uvira na Bujumbura wana sababu zaidi ya kuwa macho, kwa kuwa kipimo kinachokuja haraka mdomoni huku ni usawa wa ziwa, na ziwa lenyewe halitulii. Miaka ya 1870 mto Lukuga, njia ya maji kutoka ziwani, ulipozibuka, Tanganyika ilishuka kwa mita kadhaa. Miaka ya karibuni maji yamepanda hadi kuingia nyumba za Uvira na za Gatumba, upande wa Burundi. Mchoro unaosema sakafu iko mita 3 juu ya ziwa haujasema kitu. Modeli bora hutaja bikoni moja ya zege iliyosimama ardhini, kimo chake, na mfumo wa vimo uliotumika, na faili zote zinaifuata hiyo hiyo.

Kwa mahali, hali ni kama hiyo. Katika ramani za mfumo wa UTM, Mutarule, Uvira, Bukavu na Bujumbura zote ziko kanda ya 35 kusini. Kigali imepita kidogo tu digrii 30 mashariki, mpaka wa kanda hizo, kwa hiyo iko kanda ya 36. Ofisi ya Kigali ikishirikishwa na kuiacha faili kwenye kanda yake ya kila siku, jengo linatua mamia ya kilomita kutoka kiwanjani. Kuna mtego wa pili pia. Namba ya kaskazini ya Mutarule katika mfumo huo inazidi mita milioni 9.6. Ukichora jengo moja kwa moja kwenye namba hiyo, michoro inayotumia namba za biti 32 haiwezi kutofautisha pointi zilizo karibu kuliko mita 1, na kuta zinaanza kuchezacheza. Programu ya Revit, kwa mfano, inataka jengo liwe ndani ya kilomita 16 kutoka sifuri yake ya ndani. Anayejua kazi huchora karibu na sifuri, kisha huifunga sifuri hiyo kwenye bikoni mara moja, katika faili moja, na wengine wote huchukua majira kutoka hapo. Faili za timu tatu zikifunguliwa pamoja na kujipanga zenyewe bila mtu kuzisukuma kwa mkono, kazi hiyo imefanywa vizuri.

Majina ya faili nitayapitia upesi. Viwango vya kimataifa vya ISO 19650, vilivyoanza kutolewa mwaka 2018, vinatenganisha taarifa inayoendelea kufanyiwa kazi, iliyoshirikishwa kwa wengine, iliyoidhinishwa, na iliyowekwa kumbukumbu. Jina liseme mradi, timu, jengo, ghorofa na namba. Hali na toleo viwe mahali pake. Faili inayoitwa «final mpya 2» na kutumwa kwa WhatsApp inamlazimisha mpokeaji kubahatisha, na jengo halitakiwi kusimama juu ya bahati.

Wapo wanaopinga mgawanyo wenyewe. Wanasema faili moja kwenye seva ya mbali, kila mtu akifanya kazi humo humo, ingeondoa mipaka yote. Kwa ofisi moja yenye umeme wa uhakika na intaneti ya kasi, nakubali, hasa kwa jengo dogo. Lakini mpaka wa dhamana haufutwi na faili kuwa moja. Unafichika tu, na yeyote anaweza kusogeza nguzo ya mwenzake. Zaidi ya hayo, timu za nje zina programu zao, na matoleo yao. Airbus ilijifunza hilo kwa gharama kubwa mwaka 2006: wasanifu wa Hamburg walikuwa kwenye toleo la 4 la programu ya CATIA, wa Toulouse kwenye toleo la 5, na nyaya za ndege A380 zilipofika kufungwa zikawa fupi. Kampuni ilikuwa moja, ndege moja. Ndiyo maana natilia mkazo IFC, muundo wa faili ulio wazi uliofanywa kiwango cha ISO 16739 mwaka 2013, ambamo kila kitu kina namba yake ya herufi 22. Timu inayosafirisha IFC safi, namba za nguzo zikibaki zile zile toleo hadi toleo, inastahili kuaminiwa hata kama programu yake ni ya bei ndogo.

Pingamizi zito zaidi ni la uwezo: kwamba haya ni mambo ya London na Dubai, na huku kwetu fundi hodari na mchoro wa karatasi vinatosha. Kwa nyumba ya vyumba viwili vinatosha kweli. Uvira, hata hivyo, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, iliona Mulongwe na mito jirani ikibeba nyumba na madaraja. Kinachojengwa upya baada ya hapo, daraja, bomba la maji, shule, hupitia mikono ya wafadhili, kampuni na idara nyingi, na kila mmoja huondoka na faili zake. Karatasi moja ya makubaliano, inayosema kila kitu ni cha nani, bikoni ni ipi na faili zinabadilishwa siku gani, haihitaji leseni wala intaneti. Tena penye intaneti dhaifu faida ya mgawanyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa badiliko la mabomba linatumwa kama faili ndogo ya mabomba peke yake, wala si jengo zima.

Kwa hiyo wewe unayelipa, uwe kamati ya kituo cha afya, parokia au shirika, kabla ya kutoa awamu ya mwisho dai vitu vitatu: faili za IFC za kila timu, karatasi ya mgawanyo iliyotiwa sahihi na wote, na kimo cha bikoni kilichoandikwa. Timu isiyoweza kukupa hivyo haijamaliza kazi.